Kubadilisha Mazabodi: Kagua Kasha na Pawa Saplai Kabla Hujalipa

Swali hili haliishi: "Nimepata mazabodi ya bei nzuri, itaingia kwenye mashine yangu?" Anayeuliza huwa ameshalinganisha soketi ya prosesa, ameshajua kama RAM yake ni DDR3 au DDR4, na anadhani kazi imekwisha. Muuzaji naye hamuulizi ana kasha gani wala pawa saplai gani; yeye anauza mazabodi. Kesho yake mtu anarudi dukani na boksi lililokwisha funguliwa, na unajua wenye maduka wanavyolipokea boksi la namna hiyo.

Hapa tunashughulika na mambo mawili tu: kasha na pawa saplai. Prosesa ipi inaingia bodi ipi, hilo utalikuta kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika.

Mwenye haraka achukue jibu hili: kama mashine yako ni ya mtumba iliyotoka maofisini, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na jamaa zao, tenga bajeti ya vitu vitatu: mazabodi, kasha na pawa saplai. Kama ni ya kuunganishwa na fundi kwenye kasha la kawaida, kasha huenda likafaa, na tatizo lako kubwa litakuwa pawa saplai. Maelezo yanafuata.

Vitu vya kuwa navyo

- Bisibisi ya nyota, yenye sumaku ukiipata
- Rula au futi ya kupimia, yenye milimita
- Simu ya kupigia picha (piga kabla ya kuchomoa waya hata mmoja)
- Tochi
- Multimita, hata ile ya bei ya chini
- Jina kamili la mazabodi unayotaka kununua, pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Vyote hupakuliwa bure kwenye tovuti ya mtengenezaji
- Kalamu na karatasi

Kabla ya kufungua kasha, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na hakuna kitu humo ndani unachokihitaji kwa kazi hii.

Hatua ya 1: Itambue mashine uliyo nayo

Fungua ubavu wa kasha, tafuta plagi kubwa kuliko zote inayotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye mazabodi, kisha hesabu pini zake.

Ukikuta pini 24 zilizopangwa safu mbili za 12, una pawa saplai ya mfumo wa kawaida wa ATX, yaani kiwango kinachofuatwa na watengenezaji wengi. Ukikuta 20, ni ya kawaida pia lakini ni ya zamani. Pini 24 zilikuja na toleo la ATX12V 2.0 mwaka 2003, kwa hiyo pawa saplai hiyo imeshakula chumvi nyingi na inastahili kustaafu.

Ukikuta pini 8, 6 au 14, simama hapo. Hizo ni za kampuni, yaani Dell, HP au Lenovo wamezitengeneza kwa mashine zao tu. OptiPlex 9020, 7020 ya mwaka 2014 na 3020 zina plagi kuu ya pini 8. EliteDesk 800 G1 ina pini 6. ThinkCentre M93p ina 14. Jina la kompyuta peke yake lisikupe uhakika: OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 bado ilikuwa na pini 24, na mtoto wake aliyefuata akabadilika. Hesabu kwa macho yako.

Wengi hapa huuliza kuhusu kebo za kubadilishia. Zipo, lakini nyingi zinazouzwa ni za kuchukua pawa saplai ya kawaida na kuiunganisha kwenye mazabodi ya Dell au HP. Wewe unataka kinyume chake, na kinyume chake hakifanyi kazi kwa kebo tupu. Pawa saplai nyingi za aina hii hutoa volti 12 peke yake. Volti 5 na 3.3 zinatengenezwa na mazabodi ya kampuni. Mazabodi ya kawaida inategemea kuletewa zote tatu kutoka kwenye pawa saplai. Waya hauwezi kutengeneza volti isiyokuwepo.

Hatua ya 2: Linganisha ukubwa wa mazabodi na nafasi ya kasha

Vipimo unavyovihitaji ni hivi:

- ATX: milimita 305 kwa 244
- Micro-ATX: milimita 244 kwa 244
- Mini-ITX: milimita 170 kwa 170

Kasha la ATX hupokea zote tatu. Kasha la Micro-ATX hupokea hiyo na Mini-ITX. Kasha dogo halipokei kubwa, hata ulisukume vipi.

Bodi nyingi za bei nafuu ni Micro-ATX lakini zimepunguzwa upana, kwa mfano 244 kwa 200 hivi. Zinaingia bila shida, ila upande uliopunguzwa hautakuwa na skrubu za kushikilia. Ukichomeka plagi ya pini 24 kwenye ukingo huo, weka kidole chini ya bodi kuitegemeza, la sivyo inapinda.

Pima ndani ya kasha, usipime nje. Kuanzia ukuta wa nyuma kwenye matundu ya USB, pima kuelekea mbele hadi kizuizi cha kwanza utakachokutana nacho, ambacho mara nyingi ni kibanda cha kuwekea diski. Makasha membamba ya ofisini, yale ya kulaza chini ya skrini, yaache kabisa. Humo hata pawa saplai ina umbo lake.

Hatua ya 3: Kagua vinguzo vya shaba

Hapa ndipo mazabodi nyingi mpya huharibikia siku ya kwanza, kwa hiyo nenda polepole.

Mazabodi haigusi bati la kasha. Inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na skrubu inapita kwenye tundu la bodi hadi ndani ya kinguzo. Bodi ya ATX kwa kawaida ina matundu 9. Mini-ITX ina 4. Micro-ATX iko kati ya hapo, kutegemea upana. Mpangilio wa matundu haya ni wa kiwango kinachojulikana, na makasha mengi yana herufi ndogo kwenye bati kuonyesha kinguzo cha bodi gani kinakaa wapi.

Fanya hivi: iweke bodi mpya juu ya boksi lake la kadibodi, hesabu matundu yake yenye duara la fedha, na chora mahali yalipo kwenye karatasi. Kisha angalia kasha. Kila tundu linahitaji kinguzo. Na kila kinguzo kisicho na tundu juu yake lazima kiondolewe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Kinguzo kimoja kilichobaki kutoka kwenye bodi ya zamani kitagusa mgongo wa bodi mpya, mahali penye vichwa vya risasi vya vifaa vyake, na hapo umepata shoti. Ukiwa na bahati, mashine itakataa kuwaka. Ukikosa bahati, itawaka kwa nukta moja ya mwisho wa maisha yake. Baadhi ya makasha ya bei rahisi hayana vinguzo vya kufungua. Bati lenyewe limebonyezwa na kutoa vichuguu. Kama kichuguu kimekaa pasipo na tundu la bodi yako, kasha hilo halikufai. Usibandike utepe ukasema yamekwisha.

Makasha ya kampuni yana vichuguu vya namna hiyo hiyo, na mara nyingine nafasi zake zinakaribiana sana na za Micro-ATX. Kukaribiana hakutoshi.

Hatua ya 4: Matundu ya nyuma na waya za mbele

Nyuma ya kasha la kawaida kuna dirisha la mstatili, takriban milimita 159 kwa 44, ambamo kinaingia kibati chenye matundu ya USB, mtandao na sauti. Kila mazabodi huja na kibati chake. Ukinunua ya mtumba, kidai, maana wauzaji hukitupa.

Kwenye makasha mengi ya ofisini dirisha hilo halipo. Matundu yamekatwa moja kwa moja kwenye bati la kasha kwa ajili ya bodi ile ile iliyozaliwa nayo. Wapo wanaokata bati kwa msumeno. Mimi siwazuii, ila kasha jipya la kawaida lina nafuu kuliko jioni nzima ya kukereza chuma, na vumbi la chuma ni adui wa mazabodi.

Angalia pia waya za mbele. Kwenye kasha la kawaida, kitufe cha kuwashia kina kiplagi kidogo cha matundu mawili, na taa zina vyao. Kwenye OptiPlex nyingi, vyote vimefungwa kwenye plagi moja ya kampuni isiyoingia kwenye bodi nyingine. USB ya mbele ya kasi, ile yenye ulimi wa bluu, hutumia plagi nene ya pini 19. Hakikisha bodi mpya ina mahali pake, au ukubali kwamba matundu hayo ya mbele yatakuwa pambo.

Hatua ya 5: Kimo cha feni ya prosesa na urefu wa kadi

Hii ni ya haraka. Feni inayokuja na prosesa huingia karibu kila kasha. Vipozea virefu vya mnara hufika milimita 155 hadi 160, na kasha jembamba halifungi ubavu. Kwa kadi ya michoro, pima kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha mbele, kisha toa sentimita mbili za plagi na waya.

Hatua ya 6: Hesabu plagi za pawa saplai

Tuseme pawa saplai yako ni ya kawaida, yenye pini 24. Sasa tafuta plagi ya umeme wa prosesa. Bodi mpya nyingi zina tundu la pini 8 juu karibu na prosesa. Pawa saplai za zamani zina pini 4 tu. Bodi nyingi huwaka hata kwa pini 4, ukizichomeka upande sahihi ambao kitabu cha bodi kinaonyesha, na kwa prosesa ndogo ya ofisini hilo linavumilika. Kwa prosesa kubwa usifanye hivyo. Waya utachemka na plagi itaungua, pole pole, bila kukuarifu.

Onyo: plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya michoro zinafanana, lakini hazibadilishani. Ya prosesa hugawanyika nusu kwa nusu, 4 na 4, na ina waya nne za njano na nne nyeusi. Ya kadi hugawanyika 6 na 2, na ina tatu za njano na tano nyeusi. Kama waya zote ni nyeusi, soma maandishi kwenye plagi. Ikigoma kuingia, ina sababu, usiitie nguvu.

Onyo jingine, kwa wenye pawa saplai za waya zinazochomoka pande zote mbili: tumia waya zilizokuja nayo tu. Upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja kati ya kampuni na kampuni, hata kama plagi inaingia vizuri. Watu wamechoma hadi diski zenye kazi za miaka kwa kuazima waya wa jirani.

Hatua ya 7: Soma lebo, usisome boksi

Itoe pawa saplai ikibidi, uilaze ubavu na uimulike tochi. Maandishi makubwa ya "500W" yapite kwanza. Tafuta jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V na +12V. Unachokitaka ni ampea za +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya michoro vyote hunywa hapo.

Zidisha: ampea mara 12. Lebo ikisema +12V ni ampea 16, una wati 192, basi. Hizo nyingine za kufikisha 500 zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta ya leo haizitumii kwa wingi, au hazipo kabisa. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huwa na ampea 38 hadi 41 kwenye +12V. Zile zinazokuja ndani ya kasha la bei rahisi, nyepesi mkononi kama boksi tupu, ndizo zinazoongoza kwa maandishi makubwa. Rahisi ni ghali, na hapa ghali yenyewe huwa ni mazabodi yako.

Lebo ikiwa na mistari miwili, +12V1 na +12V2, usijumlishe ampea zake kienyeji. Tafuta wati za jumla za +12V zilizoandikwa chini yake, ndizo kikomo.

Ukiwa hapo hapo, geuza pawa saplai uangalie nyuma. Kama kuna kaswichi kekundu kenye 115 na 230, lazima kasome 230. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja, utaona moshi, na mwongozo huu utakuwa umekwisha kwako.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya wati

Chukua mfano wa mchanganyiko ulio wa kawaida: prosesa ya Intel i5-12400 kwenye bodi ya H610 (jina la chipu kuu ya bodi), na kadi ya michoro ya GTX 1650. Prosesa hiyo imeandikwa wati 65, lakini Intel wenyewe wanatoa namba ya pili, 117, ambayo ndiyo inayofika ikifanya kazi kwa nguvu. Tumia namba kubwa. Kadi ni 75. Mazabodi, RAM, diski na feni, weka 50.

117 + 75 + 50 = 242.

Ongeza thuluthi moja ya akiba, unapata kama 320. Pawa saplai ya kweli ya wati 400 au 450 inatosha. Ukibadilisha kadi ukaweka RTX 3060 yenye wati 170, jumla inakuwa 337, na hapo Nvidia wanashauri 550. Kadi hiyo pia inahitaji plagi yake ya umeme, wakati GTX 1650 nyingi hunywa wati zote 75 kutoka kwenye tundu la bodi.

Pawa saplai ya ofisini ya wati 240 au 290 si mbaya; mara nyingi ni ya kweli kuliko hiyo "500" ya dukani. Ila haina akiba, na haina plagi unazozihitaji.

Hatua ya 9: Ijaribu pawa saplai peke yake

Kwa pawa saplai ya pini 24 tu. Ichomoe kwenye kila kitu. Kwenye plagi kubwa, unganisha tundu la waya wa kijani na lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya, kisha ndipo uwashe ukutani. Feni yake inapaswa kuzunguka, ingawa baadhi ya pawa saplai mpya huacha feni imetulia hadi zipate joto.

Pima kwa multimita kwenye plagi ya pini nne ya diski za zamani: njano na nyeusi isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa nje ya hapo, itupe. Ikiwa ndani ya hapo, umejua kwamba haijafa, lakini hujajua kama itabeba mzigo. Kwa hilo tegemea hatua ya 7.

Hatua ya 10: Washa nje ya kasha kwanza

Weka mazabodi juu ya boksi lake la kadibodi, si juu ya mfuko wake wa kung'aa. Funga prosesa, feni na RAM moja, chomeka plagi mbili za umeme, kisha gusanisha kwa bisibisi pini mbili za kuwashia zilizoonyeshwa kwenye kitabu. Ukipata picha kwenye skrini, sasa fungasha ndani ya kasha. Likitokea tatizo baada ya hapo, umeshajua kosa liko kwenye kasha.

Ikigoma

Haiwaki kabisa, hata taa. Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai, kisha sukuma plagi ya pini 24 hadi usikie klipu. Halafu kiplagi cha kitufe cha mbele: huenda kimekaa pini moja pembeni.

Feni zinageuka kidogo, zinazima, zinarudia. Mara nyingi plagi ya umeme wa prosesa imesahaulika. Kama ipo, toa bodi nje ya kasha ujaribu tena. Ikiwaka nje na kugoma ndani, rudi hatua ya 3 ukahesabu vinguzo.

Inawaka, hakuna picha. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina michoro ya ndani. Waya wa skrini lazima uingie kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Ikiwa si hilo, toa RAM uirudishe kwa nguvu hadi ibane pande zote.

Inafanya kazi vizuri, ukifungua gemu inazima au kujiwasha upya. Pawa saplai imezidiwa. Jaribu kutoa kadi ya michoro kwa siku moja. Ikitulia, umepata jibu. Joto la prosesa nalo likague, lakini mashine ikikatika ghafla bila onyo kwa kawaida ni umeme.

Pawa saplai ya zamani inazima mashine ikiwa imepumzika. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 4, mwaka 2013, hushusha matumizi hadi kiwango kidogo mno ambacho baadhi ya pawa saplai za kabla ya hapo hazikitambui. Ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mazabodi, zima hali za usingizi za C6 na C7.

Ukigusa bati la kasha unasikia umeme wa kutekenya. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyopeleka umeme kidogo kwenye bati, na kazi ya waya wa athi ni kuupeleka ardhini. Ukitumia plagi ya miguu miwili, au soketi ya nyumba haina athi ya kweli, umeme huo unakungoja wewe. Badilisha plagi kwanza. Tatizo likibaki, mwite fundi umeme wa nyumba, si fundi kompyuta. Hadi atakapomaliza, chomoa mashine ukutani kila unapotaka kuingiza mkono ndani au kuchomeka waya wa skrini.